Bata wa rangi ya chenza: maswali kuhusu mashabiki vituko wa Blackpool baada ya vita

Kila fainali ya Kombe la FA la Uingereza inapokaribia, picha ile ya zamani huibuka tena mitandaoni: wanaume wazima wamejivika majoho na kofia za ajabu, wanacheka kama wanafunzi siku ya kufunga shule, na katikati yao yupo bata. Chini ya picha maswali huwa ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa na majibu yake.

Hawa ni akina nani?

Ni mashabiki wa Blackpool, klabu ya mji wa pwani ulioko Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Walijulikana kwa jina la Atomic Boys, yaani Vijana wa Atomiki, na kinara wao alikuwa shabiki wa palepale mjini aitwaye Syd Bevers. Walianza kuonekana miaka ya mwanzo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakatamba sana miaka ya 1950. Timu ikisafiri, nao wanasafiri, na popote walipofika watu waliacha shughuli zao kuwatazama.

Atomiki? Wanafanyia mzaha lile bomu?

Jina lilitoka hukohuko. Mabomu ya Hiroshima na Nagasaki yaliangushwa Agosti 1945, na baada ya hapo neno hilo likawa midomoni mwa kila mtu. Chochote chenye kishindo kiliitwa cha atomiki. Hata lile vazi la kuogelea la vipande viwili lililozinduliwa Paris mwaka 1946 lilipewa jina la kisiwa cha Bikini, ambako Wamarekani walikuwa wakijaribia mabomu yao. Kwa macho ya leo jina linakera, na mimi linanikera. Lakini lilichaguliwa na watu waliotoka kwenye miaka sita ya vita, ambao miji yao ilikuwa imepigwa mabomu pia, na mzaha wao ulikuwa wa aina hiyo: mkavu na usio na adabu sana.

Si Uingereza ilishinda vita? Kwa nini watu walihitaji kuchangamshwa?

Ilishinda, ndiyo, ila ilibaki haina kitu mfukoni. Chakula kiliendelea kugawiwa kwa vitabu vya mgao. Mkate, ambao haukuwahi kuwekewa mgao vita vikiwaka, uliwekewa mgao Julai 1946, amani ikiwa imeshatimiza mwaka, na ukaendelea hivyo hadi 1948. Nguo ziliachiwa huru mwaka 1949, petroli mwaka 1950, peremende Februari 1953. Mgao wa nyama ndio uliofunga pazia, Julai 1954. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka ambao vita vilianza alifikisha miaka 14 kabla hajaona duka la nyama linalouzia mtu yeyote kiasi chochote.

Halafu ikaja baridi ya mwanzoni mwa 1947. Theluji ilifunga njia za reli, makaa ya mawe yakakwama migodini, umeme ukakatwa, viwanda vikasimama. Serikali ilipiga marufuku michezo ya katikati ya wiki ili wafanyakazi wasitoroke kazini, na msimu wa ligi ukavutwa mpaka katikati ya Juni. Jumamosi ikawa siku pekee ya mpira. Viwanda vingi vilifungwa adhuhuri, mchezo ulianza saa tisa alasiri, na katikati ya saa hizo mtu alikuwa na muda wa kula kitu, kupita baa, kisha kuelekea uwanjani na wenzake.

Ninachotaka msomaji akione zaidi ya yote ni rangi, au tuseme ukosefu wake. Nguo za vita zilishonwa kwa kanuni za kubana kitambaa: vifungo vichache, mifuko michache, marinda machache. Askari aliyeruhusiwa kurudi nyumbani alikabidhiwa suti ya serikali, na mitaa ikajaa suti zinazofanana. Majengo yalikuwa meusi kwa moshi wa makaa. Machungwa yalikuwa adimu kiasi kwamba yakifika, muuza matunda aliwatengea watoto kwanza, kwa kuangalia kitabu chao cha mgao. Sasa fikiria timu inayoingia uwanjani imevaa jezi za rangi ya chenza, na nyuma yake kundi la wanaume walioipaka rangi hiyo hadi kwenye manyoya ya bata.

Kwa nini iwe Blackpool, isiwe mji mwingine?

Kwa sababu kazi ya mji ule ilikuwa ni starehe. Lancashire ilikuwa nchi ya viwanda vya pamba, na kila mji wa viwanda ulikuwa na wiki yake ya mapumziko ambapo mashine zote zilizimwa kwa pamoja. Wiki hiyo mji mzima ulihamia ufukweni, na kwa wengi ufukwe ulikuwa Blackpool. Mchuuzi, mpishi wa nyumba ya wageni, mpiga kinanda, mcheza sarakasi: wote walikula kwa jasho la kumfurahisha mgeni. Mnara wa Blackpool, uliofunguliwa mwaka 1894 na wenye urefu wa mita 158, una ukumbi wa dansi na ukumbi wa sarakasi chini yake. Mtu aliyekulia hapo haoni ajabu kumkuta jirani yake amejipaka unga usoni saa nne asubuhi.

Vita havikuupita mji huo. Jeshi la Anga liliufanya kituo kikubwa cha kuwafunza askari wapya, na wapangaji wa nyumba za wageni wakawa ni wanajeshi. Zile taa maarufu za barabara ya ufukweni, zinazowashwa kila vuli, zilizimwa 1939 na hazikuwashwa tena hadi 1949. Miaka 10 ya giza kwenye mji unaoishi kwa taa!

Jezi nazo zina kisa chao. Mwaka 1923 mmoja wa wakurugenzi wa klabu, Albert Hargreaves, ambaye pia alikuwa mwamuzi wa kimataifa, alichezesha mechi ya Uholanzi na Ubelgiji. Rangi ya Waholanzi ikamkaa moyoni, akarudi nayo nyumbani. Kwa hiyo mashabiki wa baada ya vita waliikuta rangi tayari. Wao waliitoa kwenye jezi tu, wakaitembeza mitaani.

Bata alikuwa na kazi gani?

Kabla ya mpira kuanza, mmoja wa kundi aliingia uwanjani akiwa amembeba, akatembea naye hadi katikati, akamweka chini kwenye duara. Basi. Bata naye akafanya anachofanya bata: akatazama huku na huku, akaenda kokote anakotaka. Watu elfu 30 wakapasuka mbavu.

Mzaha huu ulifaulu kwa sababu haukuhitaji maelezo. Mashabiki wa timu pinzani walicheka sawasawa na wenyeji, na hapo ndipo naona akili ya Bevers na wenzake. Utani mwingi wa mpira lengo lake ni kumuumiza wa upande wa pili. Bata hakuwa na upande.

Najua wapo watakaouliza kuhusu haki za mnyama aliyepakwa rangi na kuachwa mbele ya umati unaopiga kelele. Leo jambo hilo lisingeruhusiwa, na ni sawa lisiruhusiwe.

Mbona kwenye picha wamevaa vilemba na majoho kama masultani?

Swali hili huulizwa zaidi na wasomaji wa pwani yetu, na wana sababu. Mavazi hayo yalitoka kwenye jukwaa la Kiingereza, ambako mfalme wa Mashariki, kwa kilemba chake na joho la kung'aa, alikuwa mhusika wa kuchekesha katika michezo ya Krismasi. Hawakumkusudia mtu yeyote wa kweli wa Muscat wala wa Delhi. Walivaa kile kilichokuwa kwenye kabati za wacheza michezo: cha kung'aa, kikubwa, kinachoonekana kutoka ng'ambo ya uwanja. Hilo halifuti ukweli kwamba vazi la heshima la watu wengine lilifanywa kichekesho, tena na taifa lililokuwa bado linawatawala wengi wa watu hao. Vicheko vya enzi ile vilikuwa na mipaka ambayo waliocheka hawakuiona.

Zile kelele zilitoka wapi kabla ya vuvuzela?

Kwenye kifaa cha mbao. Ukikishika mkononi utaona mpini, na juu yake gurudumu dogo lenye meno. Kando yake umefungwa ubao mwembamba unaozunguka. Ukizungusha mkono juu ya kichwa, ubao unaruka kutoka jino moja hadi jingine na kutoa mlio mkavu wa kukatakata masikio. Kimoja kinatosha kuwaamsha wa nyumba nzima. Uwanja ulikuwa na maelfu.

Mashabiki walikuwa navyo hata kabla ya vita, ila vita ndivyo vilivyovisambaza. Serikali ilihofia Wajerumani wangeangusha gesi ya sumu, na walinzi wa mitaa wakapewa vifaa hivyohivyo ili wavizungushe kuwaonya watu wavae barakoa. Gesi haikuja. Vita vikaisha, vifaa vikabaki kwenye mabanda na chini ya ngazi za nyumba, vikapakwa rangi za klabu vikapelekwa uwanjani. Sijui kama kuna silaha ya ulinzi iliyostaafu vizuri kuliko hiyo.

Uwanjani kwenyewe kulikuwaje?

Kulijaa. Msimu wa 1948–49 ligi ya Uingereza ilihesabu watazamaji zaidi ya milioni 41, rekodi ambayo haijavunjwa. Januari 1948 Manchester United na Arsenal walicheza mbele ya watu zaidi ya 80,000 kwenye uwanja wa Maine Road, kwa kuwa Old Trafford ilikuwa imebomolewa na mabomu ya 1941. Novemba 1945, miezi michache tu baada ya amani, Dynamo Moscow walikuja London kucheza na Chelsea wakaingia uwanjani kila mmoja ameshika shada la maua. Wachezaji wa Chelsea hawakujua wayapeleke wapi. Mchezo uliisha 3–3, na watu walikuwa wamepanda hadi juu ya mapaa.

Kiingilio kilikuwa shilingi moja na peni kadhaa, shilingi ambayo ile ya Afrika Mashariki ilikuwa na thamani sawa nayo wakati huo. Kwa bei hiyo ulisimama. Viti vilikuwa vya wenye nazo. Watoto waliochelewa walibebwa juu juu, mkono kwa mkono, juu ya vichwa vya watu wazima, mpaka wakafika mbele kabisa kwenye ukuta wa uwanja. Baba alimwachia mwanawe kwa watu asiowajua na akamkuta salama baada ya filimbi ya mwisho.

Tusipambe kupita kiasi, lakini. Tarehe 9 Machi 1946, kwenye uwanja wa Burnden Park mjini Bolton, umati uliozidi kiasi ulisukumana hadi vizuizi vikavunjika, na watu 33 wakafa. Miili ilifunikwa pembeni ya uwanja na mechi ikaendelea. Stanley Matthews, winga ambaye baadaye angekuwa nyota wa Blackpool, alikuwa uwanjani siku hiyo, akichezea Stoke City. Kila nikisikia wazee wa huko wakisema enzi zile zilikuwa za dhahabu, huwa nakumbuka mechi hiyo.

Wanawake walikuwa wapi?

Walikuwepo kwenye umati, wachache kuliko wanaume, na skafu nyingi za timu zilifumwa na mikono yao. Kwenye nyasi hawakuruhusiwa. Tangu Desemba 1921 chama cha soka cha England kilizizuia klabu zake kutoa viwanja kwa timu za wanawake, na marufuku hiyo ilidumu takriban miaka 50. Preston, jirani kabisa na Blackpool, ndiyo nyumbani kwa Dick, Kerr Ladies, timu ya wanawake wa kiwandani iliyovuta watu 53,000 mjini Liverpool mwaka 1920. Kwa hiyo bata alipata ruhusa ya kukanyaga katikati ya uwanja ambao dada zake Bevers wasingeruhusiwa kuchezea. Sina la kuongeza hapo.

Nisimulieni fainali ya 1953.

Kwanza ujue waliyoyapitia. Blackpool walimnunua Matthews mwaka 1947 kwa pauni 11,500. Alikuwa na miaka 32, umri ambao winga wengi huwa wanatafuta duka la kufungua, na kweli yeye na mkewe waliendesha hoteli mjini hapo. Alijulikana kwa chenga moja tu, ambayo kila beki aliijua na hakuna aliyeweza kuizuia: anainama kushoto, beki anafuata, yeye ameshapita kulia. Mwaka 1948 wakafika fainali ya Kombe la FA, wakafungwa na Manchester United 4–2. Mwaka 1951 wakafika tena, wakafungwa na Newcastle 2–0. Uingereza nzima ikawa inamwonea huruma Matthews, hata wasiojua Blackpool iko wapi kwenye ramani.

Tarehe 2 Mei 1953 wakarudi Wembley kupambana na Bolton Wanderers. Treni zilimwaga Lancashire nzima London, na Atomic Boys wakaingia mjini na mavazi yao. Ilikuwa mwezi mmoja kabla ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Kaya nyingi zilikuwa zimenunua televisheni kwa ajili ya sherehe hiyo, na wakawa wanaijaribia kwa mpira. Malkia mwenyewe alikuwa jukwaani.

Nat Lofthouse wa Bolton alifunga kabla watu hawajakaa sawa. Stan Mortensen, mshambuliaji wa Blackpool, akasawazisha, Bolton wakaongeza la pili, na dakika ya 55 likaja la tatu, lililofungwa kwa kichwa na Eric Bell, ambaye alikuwa anachechemea tangu kipindi cha kwanza. Siku hizo hakukuwa na mchezaji wa akiba, ukiumia, unajikokota. Ikawa 3–1, na jeraha hilo ndilo lililowaua Bolton, kwa sababu upande wao wa kushoto ulibaki na mtu wa mguu mmoja, na huko ndiko aliko Matthews. Akaanza kuwapita. Mortensen akafunga la pili dakika ya 68. Dakika ya 89, faulo nje ya boksi, Mortensen akapiga kombora moja kwa moja wavuni: 3–3, na mabao yote matatu ya Blackpool ni yake. Kisha katika muda wa nyongeza ya majeruhi Matthews akashuka hadi mstari wa mwisho, akateleza huku akirudisha pasi nyuma, na Bill Perry akaumalizia: 4–3.

Watu waliiita fainali ya Matthews. Mortensen, aliyefunga matatu, hakuwahi kupewa hata nusu ya jina. Huyu ni mtu aliyenusurika ndege ya kivita ikianguka, na ambaye mwaka 1943, katika mechi ya England na Wales, aliingia kuichezea Wales kwa sababu mchezaji wao mmoja aliumia na hawakuwa na wa kumbadilisha. Mwingereza akiichezea Wales dhidi ya England! Ukiniuliza mimi, fainali ilikuwa yake.

Je, kweli vituko hivi vilisaidia jamii, au ni simulizi tamu tu?

Havikushusha bei ya makaa wala kujenga nyumba. Nyumba ndizo zilizokuwa kilio kikubwa, na bata hajengi. Ila tazama nani alikuwa anavaa yale majoho: wanaume waliotumia miaka sita wakivaa walichoamriwa, kutembea kwa hatua walizoamriwa, na kunyamaza walipoamriwa. Jumamosi walivaa walichotaka na kupiga kelele kadiri walivyotaka, mbele ya watu elfu 30, na polisi aliwatazama tu akitabasamu. Nadhani kicheko kile kilikuwa cha watu waliokuwa wanajaribu uhuru wao kuona kama bado unafanya kazi.

Wachezaji nao hawakuwa mbali nao. Mshahara wa juu kabisa kisheria mwaka 1947 ulikuwa pauni 12 kwa wiki, Matthews au si Matthews. Shabiki aliyemshangilia nyota Jumamosi aliweza kukutana naye Jumatatu dukani.

Kulikuwa na wengine kama hawa?

Wengi, kila klabu na mtu wake wa kofia ndefu. Aliyedumu ni Ken Baily wa Bournemouth, aliyeifuata timu ya taifa kwa miaka mingi akiwa na koti jekundu la mwindaji, kofia ndefu na fulana ya bendera. Ndiye aliyekimbia na bendera kumsitiri msichana aliyeingia kifua wazi kwenye mechi ya raga Twickenham mwaka 1982.

Kuna Mwafrika katika kisa hiki?

Bill Perry, mfungaji wa bao la ushindi, alizaliwa Johannesburg na kusajiliwa Blackpool mwaka 1949, Mzungu wa Afrika Kusini. Matthews naye alikuja Afrika mara nyingi baadaye. Ghana walimsimika kama chifu wa mpira mwaka 1957, mwaka wa uhuru wao, na mwaka 1975 aliunda timu ya vijana weusi wa Soweto, akawapeleka Brazil wakati sheria za ubaguzi bado zinauma.

Waliishia wapi?

Walififia pamoja na enzi yao. Televisheni, magari na mishahara mizuri viliwapa watu mambo mengine ya kufanya Jumamosi, na kufikia msimu wa 1960–61 watazamaji wa ligi walikuwa wameshuka chini ya milioni 29. Matthews alirudi Stoke mwaka 1961, Blackpool wakashuka daraja mwaka 1967. Vijana wa miaka ya 1960 walikuja na nyimbo zao, na baadhi yao na ngumi zao. Polisi walipoanza kuwapekua watu mlangoni, vile vifaa vya mbao vilionekana kuwa ni marungu, vikakatazwa.

Ninaweza kuwaona wapi leo?

Filamu fupi za habari zilizoonyeshwa sinema wakati huo zipo mtandaoni. Tafuta Blackpool na miaka 1948, 1951 na 1953. Ukifika Blackpool, nenda uwanja wa Bloomfield Road. Jukwaa la magharibi lina jina la Matthews, la kaskazini la Mortensen, na Mortensen amesimamishiwa sanamu nje. Bata bado hajajengewa.